Chupa Namba Moja

Mimi ni mtu wa ngozi, na sisemi hivyo kwa kujisifu, ingawa zamani nilikuwa nikijisifu mpaka watu wanahama benchi. Jina langu ni Zadock Were. Nimezaliwa upande wa Mumias, na kabla sijafika Nairobi nilifanya kazi miaka kumi na miwili kwenye banda la ngozi, nikichuna, nikikwangua mafuta, nikitia chumvi, nikiwamba kwenye fremu kivulini. Ngozi ya ng'ombe iliyopita mikononi mwangu ilipigwa muhuri wa daraja la kwanza, na mnunuzi akiona tundu la kisu alijua hiyo si ya Were. Ukinikuta mahali nabishana na mtu juu ya ngozi, jua yeye ndiye aliyekosea. Ndivyo nilivyoamini mpaka mwaka wa 1971, na imani hiyo ndiyo iliyomharibia mtoto wa watu maisha yake.

Mwaka huo nilikuwa fundi katika maabara moja ya wanyama upande wa Westlands, chini ya Daktari Kiragu. Swara akigongwa na gari akaletwa, mimi ndiye wa kumchuna. Fisi akiletwa, ni mimi. Daktari alikuwa amesoma ng'ambo akarudi na miwani minene na sauti ndogo, na kulikuwa na mambo mawili tu asiyoyavumilia: kuchelewa na daftari la uongo. Kila kilichofanyika maabarani kiliandikwa kwenye daftari jeusi, na aliyehusika akatia sahihi. Jumamosi saa sita mchana dereva alilipeleka daftari nyumbani kwa Daktari, naye akalisoma Jumapili baada ya kanisa, ukurasa kwa ukurasa. Sisi wa mikono tuliliogopa lile daftari kuliko polisi.

Msaidizi wake alikuwa Philister Awiti, msichana wa Gem, miaka ishirini na mbili, mwembamba, wa kutembea haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni. Yeye alikuwa na shida moja duniani, nayo ni pomboo. Mimi nilidhani pomboo ni samaki.

"Mzee Were, huyu ananyonyesha," akaniambia. "Anapumua hewa. Huyu ni mwenzetu, ni vile tu hakupenda nchi kavu."

Nikamwambia kwetu Mumias tuna mamba wa Mto Nzoia na hatujawahi kumwita mwenzetu. Akacheka. Nilimpenda yule mtoto, na hilo naomba likumbukwe, ijapokuwa halinisaidii.

Siku moja wakati wa chai aliniambia nifumbe macho nimpe kiganja. Nikafumba. Nikangoja mpaka nikachoka.

"Bado tu?" nikamwuliza.

"Nimeshapitisha unywele mara tatu, mzee. Hukusikia."

Nikafumbua macho. Kweli, alikuwa ameshika unywele mmoja kati ya vidole viwili. Chumvi na chokaa za miaka yote ile zilikuwa zimenigeuza viganja kuwa magome. Akaupitisha tena ndani ya kifundo cha mkono, pale penye mishipa, nikaruka nusura nimwage chai.

"Sasa pomboo anasikia hivyo karibu mwili mzima," akasema, "na anasikia zaidi penye tundu la pua, machoni na mdomoni. Wewe ukiingia mtoni ukakimbia, maji yanakukataa, si ndiyo? Yanajizungusha nyuma yako, yanakuvuta. Yeye anapita tu. Kuna wataalamu wanasema siri iko kwenye ngozi, kwamba maji yakianza kuvurugika juu yake, ngozi inabonyea kidogo, inayatuliza, yanapita. Wengine wanasema hizo ni porojo. Juu ya ngozi kuna mifuo midogo sana, mistari, huioni kwa macho vizuri. Mimi nataka kuhesabu. Nataka nijue kama mahali anaposikia zaidi ndipo pia mifuo imekaa kwa namna nyingine."

"Na nani amekwambia iko hivyo?"

"Hakuna aliyeniambia. Ndiyo maana nataka kuhesabu."

Kuhesabu kwenyewe kulikuwa na maana kubwa kwake. Kulikuwa na nafasi moja ya masomo ng'ambo, ya mambo ya wanyama wa bahari, na watu wa serikali walikuwa wanatafuta Mkenya wa kuijaza. Alihitaji vitu viwili: kupita kwenye mahojiano, na barua ya Daktari Kiragu ikiambatana na kazi yake mwenyewe aliyoifanya kwa mkono wake. Kazi ilihitaji ngozi. Alikuwa amewaandikia watu wa samaki kule pwani kwamba pomboo akifia wavuni wasimtupe, wamletee ngozi ikiwa mbichi, ndani ya barafu. Alingoja miezi kumi na minne.

Na Mungu naye ana mizaha yake. Ngozi ilifika kwa gari moshi Jumamosi ileile ya mahojiano.

Dereva alilitoa sanduku stesheni akatufikia saa tatu asubuhi. Mahojiano yalikuwa mjini saa nne. Awiti alikuwa amevaa sketi ya kijivu na viatu vya kuazima, akapiga magoti sakafuni hivyo hivyo, akafungua magunia, akaiona. Ilikuwa upande mzima wa mnyama, kutoka kichwani mpaka mkiani, na mafuta yake chini. Juu ilikuwa nyeusi, inang'aa, laini kama yai la kuchemsha lililomenywa. Ukiibonyeza kwa kidole inarudi. Mimi nimeshika ngozi za kila mnyama wa nchi hii na sijawahi kushika kitu kama kile.

Hakuwa na muda wa kuikata. Akatoa mfukoni karatasi ngumu saba, ndogo, alizokuwa ameziandika tangu zamani kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka ndani ya dawa. Kila karatasi ilikuwa na namba na mahali. Namba moja, nyuma ya tundu la pua. Namba mbili, kando ya jicho. Hivyo hivyo mpaka saba, mkiani.

"Mzee Were, nisikilize vizuri," akasema. "Kila kipande ukate kiwe kama stempu ya barua. Usikwangue kitu. Juu usiguse kwa kisu. Kimoja kimoja kwenye chupa yake, karatasi yake humo ndani, dawa ya formalini ijae. Na ukiona ngozi ya juu inabambuka, usiogope. Huyu hubadilisha ngozi ya juu kila baada ya saa chache, mchana na usiku. Ni kawaida yake."

"Nimesikia."

"Kweli, mzee?"

"Nimesema nimesikia. Nenda, utachelewa."

Akatazama saa ya ukutani, akatazama daftari jeusi. Dereva angelichukua saa sita, yeye akiwa bado mjini. Akaandika: vipande saba, dawani, na akatia sahihi yake. Aliandika kitu ambacho hakijafanyika, kwa sababu aliyemwachia ni mimi. Kisha akaondoka anakimbia na vile viatu vya watu.

Sasa nieleze vile ilivyokuwa, na nisijipake mafuta.

Kipande cha kwanza nilikikata kama alivyosema. Nikakitia kwenye chupa, nikatia karatasi yake, nikajaza formalini huku macho yananitoka machozi. Chupa namba moja ilikuwa sawa kabisa. Nikainamia kipande cha pili, kando ya jicho, na nilipoweka kidole ili kuishikilia ngozi, ngozi ya juu ikanibambukia mkononi. Utando mweusi, mwembamba, ukaja wote na kidole.

Kwenye banda la ngozi tulifundishwa jambo moja kabla ya mengine yote. Ngozi ikianza kuachia juu, ikitoa manyoya ukivuta, hiyo imeanza kuoza, na una saa chache tu za kuiokoa. Unakwangua, unatia chumvi, unawamba. Huulizi mtu. Mikono yangu ilijua hivyo kabla kichwa hakijasema kitu.

Lakini kichwa nacho kilisema. Nilikumbuka maneno ya Awiti, nisidanganye kwamba niliyasahau. Nilisimama pale na kisu nikayakumbuka neno kwa neno, nikasema moyoni, huyu mtoto amezaliwa mimi nikiwa tayari nimeshika kisu, leo ananifundisha ngozi? Ngozi imebambuka na mimi niikodolee macho kwa sababu kitabu kimesema? Nikaona namwokoa. Nikaona Jumatatu atakuja ashukuru.

Nikakwangua mafuta yote. Nikaufuta ule utando mweusi, nikausafisha mpaka ngozi ikatakata. Nikasugua chumvi kilo nne. Nikaiwamba kwenye fremu nyuma ya maabara, kivulini, kamba kila baada ya inchi tatu, imekazwa sawasawa, bila tundu hata moja. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua tano nikaitazama, na nilijisikia vizuri kuliko siku nyingi. Ilikuwa daraja la kwanza.

Karatasi zake sita zilizobaki nikazitia mfukoni.

Jumatatu asubuhi Awiti alikuja akiimba. Mahojiano yalikuwa yamekwenda vizuri, alisema, walimwuliza juu ya pomboo dakika ishirini, mzee mmoja akataka kujua kama mwanadamu anaweza kufunzwa kuogelea hivyo. Akaingia, akatafuta chupa. Mimi nikamshika mkono nikampeleka nyuma ya jengo nimwonyeshe.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisogea mpaka kwenye fremu akaweka kiganja chote juu ya ngozi, ambayo ilikuwa imeshaanza kuwa ngumu na nyeupe kwa chumvi, na akakaa hivyo.

"Chumvi imenyonya maji yote," akasema taratibu. "Mifuo imekwisha. Juu umekwangua. Mzee Were, vipande viko wapi?"

Kabla sijajibu Daktari akatokea mlangoni, daftari mkononi. Aliita jina langu na la Awiti, tukamfuata ndani. Alitoka nje, akaitazama fremu kwa muda, akarudi. Akafungua daftari mahali penye sahihi.

"Vipande saba, dawani," akasoma. "Sioni hata kimoja. Naona ngozi ya kutengenezea ngoma. Awiti, ulitia sahihi saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu, Daktari. Kabla sijaenda mjini. Nilimwachia mzee Were na nikamweleza kila kitu."

"Ulitia sahihi kazi ambayo haijafanyika."

"Ndiyo. Nilijua mzee Were ataifanya. Nilimpa karatasi na nikamweleza."

Daktari akanigeukia. "Were, uliambiwa?"

Nitawaambia nilichokiona wakati ule. Nyuma ya Daktari kulikuwa na rafu, na kwenye rafu kulikuwa na debe la chumvi, na nyuma ya debe la chumvi ilikuwepo chupa namba moja. Niliiweka hapo Jumamosi ili isinipasukie nikisugua ngozi. Ndani yake kulikuwa na kipande kimoja, kimekatwa kama stempu, na karatasi yenye mwandiko wa Awiti. Ningenyoosha mkono tu. Ile chupa ingesema kwamba niliambiwa, kwamba nilisikia, na kwamba nilianza kutii kisha nikaacha kwa kiburi. Na ingempa yule mtoto angalau kipande kimoja cha kuhesabu, kile alichokitaka kuliko vyote.

Nilikuwa na miaka arobaini na nne. Nilikuwa na watoto watano, na nyumba ya vyumba viwili Kawangware. Lakini si hayo yaliyonifunga mdomo. Kilichonifunga ni aibu ya kusema mbele ya Daktari kwamba mimi, Were wa ngozi, nimeharibu ngozi, na mtoto wa kike alikuwa amenionya.

"Hapana, Daktari," nikasema. "Sikuambiwa."

Awiti alinitazama. Nilidhani atabisha, atalia, ataapa. Alinitazama tu, kama mtu aliyekanyaga ngazi akakuta haipo. Kisha akatazama chini.

"Ngozi naweza kupata nyingine," Daktari akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Mtu anayeandika uongo daftarini siwezi kumwandikia barua."

Mambo yakaishia hapo. Barua haikuandikwa, nafasi ikaenda kwa kijana mwingine, na Awiti akaacha kazi Ijumaa ya wiki ileile. Siku zile nne aliniita Bwana Were. Hakunitukana, hakuacha kunisalimia, lakini ule uzee aliokuwa akinipa aliuchukua akaenda nao. Mimi nilipanda cheo mwaka uliofuata.

Chupa niliibeba siku ileile wakati wa chakula cha mchana, nimeifunga kwa gunia. Karatasi sita nikazitia kwenye jiko la mkaa la askari wa lango. Chupa sikuweza kuitupa. Mara mbili nilikwenda nayo mpaka mtoni pale Kawangware nikarudi nayo. Mke wangu Naliaka alinusa formalini kwenye sanduku la nguo za Jumapili akaniuliza umeniletea mke mwenza gani huyu asiyeoga. Nikamwambia ni mali ya kazi. Akaiona nikiitoa, nikiitazama, nikiirudisha, mwaka baada ya mwaka, mpaka akaacha mzaha.

"Zadock," akaniambia siku moja, "wewe huendi tena Meza ya Bwana. Unakaa nyuma kama mtu anayesubiri basi. Hicho kitu cha kwenye chupa ni cha nani?"

Nikamwambia yote. Nilitegemea atanitetea, maana wake zetu hututetea hata tukiwa na makosa. Alipika ugali, akapakua, akakaa.

"Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema. "Wewe hukusikia la mdogo, na guu lililovunjika ni lake."

Hakuliongea tena, nami sikufanya kitu. Miaka ikaenda. Mtu anaweza kubeba neno moja miaka saba na bado akala, akalala, akamwoza binti na kumwozesha mwana. Alhamdulillahi ya Waislamu au Haleluya yetu, zote nilizisema mdomoni tu.

Mwaka wa 1978 nilipata kikohozi kisichoisha, wakaniagiza kwenye ile hospitali kubwa chini ya Upper Hill nipimwe damu. Nikakaa foleni kwenye dirisha la maabara. Ilipofika zamu yangu nikatoa kidole, na mwanamke aliyevaa koti jeupe akakichoma. Damu haikutoka. Akachoma tena. Akabinya. Akachoma mara ya tatu, kisha akainua macho.

"Hujasikia hata kidogo, Bwana Were?" akaniuliza.

Awiti alikuwa amenenepa kiasi na alikuwa na mvi moja mbele. Yeye akageuza mkono wangu, akatafuta mahali laini, akachukua damu, akaandika jina langu kwenye kioo bila kuuliza linaandikwaje. Nyuma yake kulikuwa na ndoo ya vioo vichafu na bomba linalovuja. Kazi yake ilikuwa hiyo, kuchoma vidole asubuhi na kuosha vioo mchana.

"Majibu Jumatatu," akasema. "Anayefuata."

Jumatatu nilikwenda na majibu sikuyaulizia. Nikaweka gunia dirishani nikalifungua. Akaisogeza chupa karibu na mwanga. Karatasi ndani ilikuwa imegeuka rangi ya chai lakini penseli ilisomeka.

"Namba moja," akasoma. "Nyuma ya tundu la pua." Akaigeuza chupa huku na huku mpaka wagonjwa wakaanza kuguna. "Ilikuwepo siku ile?"

"Ilikuwepo. Nyuma ya debe la chumvi."

"Mle mle chumbani?"

"Mle mle. Philister, mwanangu, mimi nilikusingizia. Uliniambia kila kitu, na nilisikia kila kitu. Nimekuja nikuombe..."

"Usiniambie mimi," akanikata. Hakuinua sauti. "Mimi nilijua. Tangu siku ile najua, mimi ndiye niliyekuambia. Kamwambie asiyejua. Kamwambie Daktari, halafu uje uniambie amesema nini. Njoo Alhamisi. Chupa iache."

Daktari Kiragu wakati huo alikuwa ameshakuwa mtu mkubwa ofisini na amejenga Loresho, mahali palipokuwa na kahawa. Jioni ileile nilipanda basi la barabara ya Nakuru, nikashuka, nikatembea. Askari wa lango alinizungusha nusu saa. Nikamkuta Daktari kwenye baraza na gazeti, miwani minene zaidi, na akafurahi kuniona, akaita nipewe chai.

Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kofia mkononi, jinsi nilivyoambiwa, jinsi nilivyosikia, chupa, karatasi nilizochoma. Nilikuwa nimejiandaa anifukuze, aite polisi, anitemee mate. Aliweka gazeti chini akavua miwani akaifuta.

"Were," akasema, "pale maabarani nani mwingine angeweza kukwangua ngozi nzima bila tundu hata moja? Yule msichana hakujua hata kushika kisu. Niliiona fremu nikajua ni mkono wako."

"Ulijua niliifanya mimi?"

"Nilijua, na nilijua alikuambia. Awiti hakuwa mtu wa kuacha kazi bila kueleza."

"Lakini uliniuliza."

"Nilikuuliza. Ungesema ndiyo ningelazimika kukufukuza. Ukasema hapana, ikawa rahisi." Akavaa miwani. "Wa kuangalia hadubini chuo kinatoa kila mwaka. Mtu wa ngozi nilikuwa naye mmoja. Na sahihi ilikuwa yake, hilo hakuna anayeweza kulipinga. Keti basi, chai inapoa."

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakavuma. Nilitaka kumwambia maneno ambayo mtu hamwambii mkubwa nyumbani kwake. Halafu nikajiuliza, wewe Were, hasira hiyo umeitoa wapi, nani amekupa ruhusa? Yeye aliuliza swali na mimi ndiye niliyejibu. Nilikiacha kikombe bila kunywa nikatoka langoni, na nilitembea mpaka Kawangware kwa miguu.

Siku tatu zile nilitengeneza uongo mpya. Ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza. Ningemwambia Awiti kwamba Daktari alishtuka, alisikitika, alishika kichwa, alisema laiti angejua angemwandikia barua mbili. Ungemfaa. Angalau angebaki na mtu mmoja wa zamani zile ambaye alikosea kwa kutojua. Nilimwambia Naliaka, naye akanitazama tu, akarudi kwenye mboga zake.

Alhamisi nilifika mchana, foleni ikiwa fupi. Awiti alinifungulia mlango wa pembeni niingie. Mwenzake wa chumba cha pili alikuwa na mashine ya kukatia, alisema, akamsaidia kukikata kile kipande vipande vyembamba kuliko karatasi, akavitia rangi. Kioo kilikuwa kimeshawekwa kwenye hadubini. Akaniita kwa kichwa. Nikainama na jicho langu moja, na mwanzoni nikaona kope zangu tu. Kisha nikaona. Juu kulikuwa na mawimbi madogo, mamoja baada ya mengine, na chini yake ngozi ya juu na ya ndani zimeingiliana kama vidole vya mikono miwili iliyoshikana. Katikati ya vidole vile kulikuwa na nyuzi nyembamba zilizopanda.

"Hizo ndizo anazosikia nazo," Awiti akasema nyuma yangu. "Nimehesabu mpaka mia mbili na kumi na nne. Kipande kimoja hakitoshi kusema kitu. Lakini zipo."

Sauti yake ilikuwa ileile ya wakati wa chai, ya unywele. Ilidumu kidogo tu.

"Haya," akasema. "Daktari amesema nini?"

Niliendelea kuinama. Uongo wangu ulikuwa tayari mdomoni, umenawa na kuvaa. Nikainuka, nikamgeukia.

"Alijua," nikasema. "Tangu siku ile alijua. Aliutambua mkono wangu kwenye fremu. Aliona heri akupoteze wewe kuliko mimi."

Awiti alichomoa kile kioo kwenye hadubini, akakifuta pembeni kwa kitambaa, akakitia kwenye kisanduku na kukifunga. Nilingoja anitukane, na ningeshukuru.

"Kumbe mlikuwa wawili," akasema.

Kisha akanipita, akafungua dirisha, akamwita mgonjwa aliyekuwa akingoja.